Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Makosa ya Kiwandani na Tofauti za Mihuri Kwenye Sarafu

Mtu akipata sarafu yenye sura ya ajabu, swali lake la kwanza huwa ni bei. Hapa tunamrudisha nyuma kidogo: alama hiyo iliingia lini? Kabla sarafu haijapigwa, wakati wa kupigwa, au baada ya kutoka kiwandani? Majibu mengi hapa chini ni njia tofauti za kulijibu swali hilo moja. Maswali yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwa jingine.

## Ya mwanzo

1. Sarafu hutengenezwaje hasa?

Usipolijua hili, mengine yote yatakuwa kubahatisha. Kiwanda huanza na bamba refu la madini. Mashine hukata kutoka kwenye bamba hilo vipande vya duara, ambavyo hapa tutaviita visahani. Visahani hupashwa moto ili vilainike, huoshwa, kisha hupitishwa kwenye mashine inayoinua ukingo wake. Mpaka hapo havina picha wala maandishi.

Kisahani kikiwa tayari huingia katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Kila muhuri umechongwa kinyume: mahali ambapo sarafu itainuka, muhuri umebonyea. Mmoja hutulia, wa pili hupiga kwa nguvu kubwa. Kisahani huwa kimezungukwa na pete ya chuma inayozuia madini yasitambae nje, na kama ubavu wa sarafu una meno, meno hayo hutoka kwenye pete hiyo. Pigo moja huchapa pande zote mbili.

Mihuri nayo ina asili yake. Kuna muhuri mama, wenye nakshi iliyoinuka kama sarafu yenyewe, ambao hukandamizwa kwenye chuma kitupu ili kutoa mihuri ya kazi. Muhuri mmoja wa kazi unaweza kupiga mamia ya maelfu ya sarafu kabla ya kuchoka.

2. Kosa la kiwandani na tofauti ya muhuri vinatofautianaje?

Tofauti ya muhuri imo ndani ya muhuri wenyewe. Kwa hiyo kila sarafu iliyopigwa na muhuri huo itabeba alama ileile, mahali palepale. Ukiipata moja, ujue zipo nyingine zinazofanana nayo kabisa.

Kosa la kiwandani ni ajali ya sarafu moja: kisahani kibovu, pigo lililokwenda upande, uchafu ulioangukia katikati. Sarafu iliyofuata kwenye mashine ileile huenda ilitoka safi. Kuna mambo yanayokaa mpakani, kama nyufa za muhuri (swali la 12), ambazo huanza ndogo na kukua kadiri muhuri unavyoendelea kutumika.

3. Nahitaji vifaa gani?

Vichache. Lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10, taa moja unayoweza kuisogeza, mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, sumaku, na rula ya kupimia kipenyo. Mizani ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ndiyo inayomaliza ubishi mwingi kuliko kifaa kingine chochote.

Darubini za kuunganisha na kompyuta ni nzuri kwa kupiga picha, lakini zimewapotosha wengi. Ukikuza sarafu mara 200, kila mkwaruzo unageuka mlima na kila herufi inaonekana mbili. Kama alama haionekani kwa lenzi ya mara 10, wanunuzi wengi hawataijali hata ikiwa ni ya kweli.

4. Nianze kutafuta wapi?

Anza na sarafu zinazopita mkononi mwako kila siku, ukichagua aina moja tu. Jifunze sura yake ya kawaida mpaka uijue kwa moyo: umbali kati ya herufi na ukingo, umbo la tarakimu, mahali nakshi inapokuwa hafifu siku zote. Anayejua sarafu 500 za kawaida ataiona ya 501 iliyo tofauti bila kuelekezwa. Anayeanza na orodha ya "makosa yenye thamani" huyaona makosa kila mahali.

5. Sarafu yangu ni chafu. Niisafishe kwanza?

Hapana. Usitumie dawa ya meno, ndimu, siki, magadi wala brashi. Kusugua huondoa ngozi ya juu ya madini pamoja na mng'ao wake wa asili, na mng'ao huo ukitoka haurudi. Mkusanyaji mzoefu hutambua sarafu iliyosuguliwa mara tu akiigeuza chini ya taa, na bei hushuka hapohapo. Udongo uliokauka unaweza kuulegeza kwa kuiloweka kwenye maji safi yasiyo na chumvi, kisha ukaiacha ikauke bila kuipangusa. Kuhusu utando wa kijani unaonata, tazama swali la 26.

## Makosa ya kisahani

6. Sarafu imekatika pembeni kwa umbo la mwezi mchanga. Ni mtu ameikata?

Inawezekana, lakini viwanda pia hufanya hivyo. Bamba lisiposogea vya kutosha, mashine hukata kisahani kipya juu ya tundu la kilichotangulia, na kisahani hutoka na pengo la mviringo. Kikikatwa mwishoni mwa bamba, pengo huwa limenyooka.

Ili kuthibitisha, tazama ukingo ulio mkabala na pengo. Kwenye kosa la kweli, ukingo wa upande huo mara nyingi ni hafifu au umefifia kabisa, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo ilikosa kitu cha kusukumana nacho upande wa pili. Wakusanyaji huiita alama ya Blakesley. Tazama pia herufi zilizo karibu na pengo: kwa kawaida huwa zimevutika kidogo kulielekea, kwa kuwa madini yalipata nafasi ya kutambaa wakati wa pigo. Mtu akikata kwa msumeno au tupa, herufi hukatika wima kama ukuta na ukingo wa mkabala hubaki mzima.

7. Sarafu yangu ina rangi ya madini tofauti. Ni kisahani kisicho chake?

Ipime uzito kabla ya kusema lolote. Rangi hudanganya: sarafu huungua motoni, huchovywa kwenye kemikali, hupakwa rangi ya dhahabu na watu wa mapambo. Uzito haubadiliki kirahisi.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni senti ya Marekani ya mwaka 1943. Vita vilikuwa vinahitaji shaba, kwa hiyo mwaka huo senti zilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vilivyobaki kwenye mashine vikapigwa kwa mihuri ya 1943, na leo hizo ni miongoni mwa sarafu zinazotafutwa zaidi duniani. Mwaka uliofuata ikatokea kinyume: visahani vichache vya chuma vikapata mihuri ya 1944.

Kwa sababu ya sifa hiyo, bandia zake zimejaa. Iliyopakwa shaba juu ya chuma hunaswa na sumaku. Ya kweli hainaswi. Ya shaba ina uzito wa karibu gramu 3.11, ya chuma karibu gramu 2.7. Wajanja wengine huchukua senti halali ya shaba ya 1948 na kuikwangua tarakimu 8 ifanane na 3. Hiyo hupita mtihani wa sumaku na wa mizani, kwa hiyo umbo la tarakimu ndilo linalobaki kuwa shahidi.

8. Uso wa sarafu unabanduka au una malengelenge.

Haya ni mambo mawili tofauti. Kubanduka kwa tabaka hutokea pale uchafu au gesi ilipobaki ndani ya mchanganyiko wa madini; kipande chembamba huinuka au kudondoka. Hilo ni kosa la kweli, ingawa dogo, na huvutia pale tu eneo lililobanduka ni kubwa. Malengelenge huonekana kwenye sarafu zilizopakwa madini juu ya madini mengine, kama senti za Marekani baada ya 1982, ambazo ni zinki yenye ngozi nyembamba ya shaba. Hewa au kutu chini ya ngozi huifanya ivimbe. Ni nyingi mno kuwa na thamani.

## Makosa na tofauti za muhuri

9. "Nakshi pacha" ni nini?

Muhuri wa kazi ulikuwa ukikandamizwa na muhuri mama zaidi ya mara moja, kwa sababu chuma huwa kigumu baada ya mkandamizo wa kwanza na hulazimu kupashwa moto upya. Muhuri ukirudishwa ukiwa umezunguka kidogo tu, mkandamizo wa pili hauangukii palepale. Hapo muhuri huwa na picha mbili, na kila sarafu utakayoipiga itakuwa na maandishi mawili mawili. Siku hizi viwanda vingi hukandamiza mara moja tu, kwa hiyo nakshi pacha kubwa zimekuwa adimu ingawa hazijakoma.

Senti ya Marekani ya 1955 ndiyo inayotajwa kwanza. Mwaka na maandishi yake ni mawili wazi kiasi kwamba huhitaji lenzi. Inakadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 24,000 hivi zilitoka kiwandani, na nyingi ziliwafikia watu kupitia mashine za kuuzia sigara: pakiti iliuzwa senti 23, mteja alitumbukiza sarafu ya 25, na chenji ya senti mbili ilikuwa imefungwa tayari ndani ya karatasi ya pakiti. Za 1969 zenye herufi S, alama ya kiwanda cha San Francisco, zilipotokea, maofisa walidhani ni bandia na wakazikamata kadhaa. Ya 1972 ya kiwanda cha Philadelphia na ya 1995 nazo zinafaa kwa anayejifunza, hasa ya 1995, kwa kuwa zimepatikana nyingi.

10. Naona herufi mbili mbili. Nitajuaje kama ni nakshi pacha ya kweli?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi mno jibu ni "si yenyewe". Kuna vitu vitatu vinavyofanana na nakshi pacha.

Cha kwanza ni mburuzo wa mashine. Muhuri ukiwa umelegea hutikisika mara tu baada ya kupiga, na kuisukuma nakshi ambayo imeshachapwa. Matokeo yake ni ngazi bapa, ya chini, inayong'aa, kando ya herufi. Kumbuka hili: mburuzo hula herufi. Herufi yenyewe hubaki nyembamba kuliko kawaida, kwa sababu ile ngazi imetengenezwa kwa kukanyaga sehemu yake. Kwenye nakshi pacha hakuna kinachopungua. Herufi hunenepa, na picha zote mbili huwa za mviringo kwa juu, zimeinuka kama nakshi nyingine yoyote.

Cha pili ni uchovu wa muhuri. Muhuri uliotumika sana hulika kingo za herufi, na sarafu hupata kivuli kilichovimba bila mpaka unaoeleweka. Senti nyingine za 1955, zenye tarakimu ya mwisho iliyovimba hivyo, zimeuzwa kwa wasiojua wakidhani ndizo zile za swali la 9.

Cha tatu ni ngozi ya madini kupasuka. Kwenye zinki iliyopakwa shaba, ngozi hukatika kando ya herufi na zinki ya kijivu huonekana kama mstari wa pili. Ukiona rangi tofauti kwenye huo "mrudio", jibu umelipata.

Alama ninayoiamini mimi kuliko zote ni pengo dogo kwenye pembe za herufi, pale ambapo ncha ya herufi moja inajigawa kuwa ncha mbili. Mburuzo hauwezi kutoa pengo hilo lililo safi. Geuza sarafu chini ya taa polepole: mburuzo hung'aa ghafla kisha kupotea, nakshi pacha hubaki palepale kila upande unaoiangalia.

11. Tarakimu moja inaonekana juu ya nyingine, au herufi ya kiwanda imerudiwa. Hilo nalo ni nakshi pacha?

Ni ndugu yake. Huko Marekani, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, herufi ndogo inayoonyesha kiwanda iligongwa kwa mkono kwenye kila muhuri wa kazi. Fundi akigonga vibaya, aligonga tena, na alama ya kwanza ikabaki chini. Ipo senti ya 1909 ambayo S yake ilianza kugongwa ikiwa imelala, kisha ikagongwa juu yake ikiwa imesimama.

Mwaka juu ya mwaka una njia mbili. Zamani fundi aliweza kugonga tarakimu mpya juu ya muhuri wa mwaka uliopita ili usitupwe. Njia ya pili ni ya muhuri mama: senti kumi ya Marekani ya 1942 yenye 1 chini ya 2 ilizaliwa pale muhuri mmoja ulipokandamizwa kwanza na muhuri mama wa 1941, kisha na wa 1942. Hiyo kweli ni nakshi pacha, ila picha zake mbili ni za miaka miwili.

12. Kuna mstari ulioinuka juu ya uso wa sarafu. Ni mkwaruzo?

Mkwaruzo hushuka ndani ya sarafu. Mstari unaoinuka umetoka kwenye muhuri: muhuri ulipasuka, madini yakajaza ufa. Pitisha taa kwa pembeni uone kivuli chake kinaangukia wapi.

Nyufa ndogo ni za kawaida na hazina bei. Ufa ukivuka sarafu kutoka ukingo hadi ukingo, mambo huanza kuvutia. Na kipande cha muhuri kilicho ukingoni kikimeguka kabisa, sarafu huwa na uvimbe laini usio na nakshi mahali hapo, na upande wa pili, mkabala na uvimbe, nakshi huwa hafifu kwa kuwa madini yalikimbilia kwenye lile tundu. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayowashinda waghushi.

13. Ng'ombe wa miguu mitatu ni kitu gani?

Ni nyati, si ng'ombe. Senti tano ya Marekani ya mwaka 1937 iliyopigwa Denver ina nyati ambaye mguu wake mmoja wa mbele haupo. Chanzo chake ni mihuri kugongana: wakati mwingine mashine hupiga bila kisahani katikati, na kila muhuri huacha kivuli cha picha yake kwa mwenzake. Fundi husugua muhuri kuondoa kivuli hicho. Huyu wa Denver alisugua mno, na mguu ukaondoka na kivuli.

Wako waliofuta mguu kwa tupa kwenye sarafu za kawaida. Ya kweli ina safu ya vinundu vidogo vinavyoshuka kutoka tumboni mwa nyati hadi ardhini, na sehemu nyingine za mwili zimelika pia. Hakuna mwenye tupa anayeweza kuongeza vinundu vilivyoinuka.

14. Herufi au tarakimu haipo kabisa. Ni kosa la thamani?

Mara nyingi ni grisi. Mafuta na vumbi la chuma hujaza tundu la herufi kwenye muhuri, na sarafu hutoka bila herufi hiyo au ikiwa na kivuli chake tu. Sarafu chache baadaye grisi hudondoka na herufi hurudi. Kwa hiyo sarafu za namna hii zina kila kiwango cha ufifi, na soko haliziheshimu sana.

Mambo hubadilika pale herufi inayokosekana inageuza maana ya sarafu. Mwaka 1922 senti za Marekani zilipigwa Denver peke yake, hivyo kila moja ilipaswa kuwa na D. Zisizo na D zilitokana na mihuri iliyochakaa na kuziba. Na senti kumi ya 1982 isiyo na P si ya grisi hata kidogo: fundi alisahau kuigonga herufi hiyo kwenye muhuri.

15. Nikigeuza sarafu, upande wa pili umepinda. Inahesabika?

Kwanza ujue nchi hiyo hupanga vipi pande zake. Sarafu za Uingereza na za euro, ukizigeuza kama ukurasa wa kitabu, upande wa pili hubaki wima. Za Marekani hugeuzwa juu-chini. Mtu aliyezoea mpango mmoja huuona mwingine kuwa kosa, na maswali mengi tunayopokea huishia hapo. Kama muhuri kweli umezunguka, nyuzi chache hazihesabiki. Kuanzia nyuzi 90 kwenda juu ndipo wanunuzi wanasogea karibu.

16. Je, kuna sarafu ambazo tofauti za mihuri si kosa?

Zipo, hasa zilizotengenezwa kwa vifaa duni au kwa mihuri ya kuchonga kwa mkono. Mfano mzuri ni sarafu za Tabora za mwaka 1916. Vita vilikuwa vimeifungia Afrika Mashariki ya Kijerumani isipate sarafu kutoka Ulaya, ndipo zikapigwa kwenye karakana ya reli mjini Tabora: heller 5, heller 20, na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Heller 20 hugawanywa kwa ukubwa wa taji upande mmoja na kwa umbo la maandishi upande wa pili, tena zipo za shaba nyekundu na za shaba nyeupe. Hata ile ya tembo hutofautishwa kwa mahali pambo la ukingoni linapoishia. Hakuna aliyekosea hapo. Mihuri ilikuwa mingi na mikono ilikuwa tofauti.

Dola za fedha za Marekani za aina ya Morgan, zilizopigwa kuanzia 1878 hadi 1904 na tena 1921, zimeorodheshwa kwa maelfu ya tofauti za mihuri. Nyingi kati yake humfurahisha mwenye nazo peke yake.

## Makosa ya pigo

17. Picha imekaa upande mmoja na sehemu ya sarafu ni tupu.

Kisahani hakikuingia sawasawa katikati ya mihuri. Asilimia ya sehemu tupu huamua mengi, lakini mwaka huamua zaidi: sarafu iliyoenda upande kwa nusu na bado inaonyesha mwaka wake kamili hupendwa kuliko iliyokimbia kiasi kwamba huwezi kujua ni ya lini. Kama picha imekaa katikati lakini sarafu ni pana na haina meno ubavuni, pete haikuwepo wakati wa pigo na madini yalitambaa.

18. Upande mmoja una picha ileile ya upande wa pili, ila imebonyea na kugeuka kama kwenye kioo.

Sarafu iliyotangulia iligoma kutoka, ikabaki imenata kwenye muhuri, na kisahani kipya kikapigwa na uso wake. Sarafu ya kwanza kutoka hapo ina picha kali. Zinazofuata huzidi kupotoka kadiri ile iliyonata inavyopanuka. Iliyonata yenyewe huishia na umbo la kofia.

Ila jihadhari. Sarafu mbili zikibanwa kwenye jiriwa la fundi hutoa mabonyeo ya kinyume vilevile. Tofauti yake ni kwamba jiriwa huibonda nakshi ya asili, ilhali kwenye kosa la kweli upande ulioshikwa na muhuri ni mzima kabisa.

19. Sarafu chotara ni ipi?

Ni ile ambayo mihuri yake miwili haikukusudiwa kukutana. Mwaka 2008 Uingereza ilibadili sura ya sarafu zake, na kwenye peni 20 ikahamisha mwaka kutoka upande wa nyuma kwenda upande wa kichwa. Kundi moja la peni 20 likapigwa kwa kichwa cha zamani na nyuma mpya, na mwaka ukakosa pa kukaa. Sarafu hizo zilisambaa kwenye mzunguko, kwa hiyo si adimu kama magazeti yalivyovumisha.

Adimu hasa ni ile ya Marekani ya mwaka 2000, yenye kichwa cha Washington cha robo dola na tai wa dola moja, juu ya kisahani cha dola. Robo dola na dola hiyo hazilingani kipenyo, na ndiyo maana hakuna aliyetarajia mihuri hiyo ingeweza kuchanganywa.

20. Maandishi ya ubavuni yamepinduka.

Si kosa. Kwenye sarafu nyingi maandishi ya ubavuni huwekwa kwa mashine ya peke yake, na hakuna anayeangalia kichwa kimeelekea wapi. Nusu hivi husomeka huku, nusu kule. Kukosekana kabisa kwa maandishi ni habari nyingine: dola nyingi za Washington za 2007 ziliruka hatua hiyo na kutoka na ubavu mtupu.

21. Nina sarafu yenye kichwa pande zote mbili.

Karibu bila shaka ni ya wachezaji wa mazingaombwe. Sarafu moja huchongwa ndani ibaki ganda, nyingine hupunguzwa iingie humo. Tafuta mshono mwembamba unaozunguka ndani ya ukingo, kisha idondoshe mezani usikilize: huwa na mlio uliokufa. Uzito nao hauwi sawa.

## Yasiyo makosa

22. Ni majeraha gani yanayodhaniwa kuwa makosa?

Sarafu iliyokwama miezi kadhaa kwenye mashine ya kukaushia nguo huwa na ukingo ulionenepa na kukunjamana kuelekea ndani. Iliyolowekwa kwenye asidi huwa nyembamba na nyepesi, herufi zote zikiwa zimekonda kwa usawa. Mashine za kufungia mafungu ya sarafu huacha mkwaruzo wa duara. Kuna za motoni, za barabarani, na zilizotobolewa kwa mkufu. Kwa zote jiulize kama mashine iliyoelezwa kwenye swali la 1 ingeweza kufanya hivyo. Ukishindwa kutaja hatua, ni jeraha.

23. Neno limeandikwa vibaya. Hilo si kosa kubwa kuliko yote?

Ni kosa la msanifu, nalo hukaa kwenye sarafu zote za toleo hilo. Peso 50 za Chile zilizotolewa 2008 ziliandika jina la nchi "CHIIE", na zilizunguka muda mrefu kabla watu hawajatambua. Ni kichekesho kizuri kuwa nacho kwenye mkusanyo. Peni 2 za Uingereza za 1983 zilizoandikwa "NEW PENCE" badala ya "TWO PENCE" ni adimu zaidi kwa sababu ni muhuri wa zamani uliotumika kwa baadhi tu ya sarafu, nyingi zikiwa zile za seti za wakusanyaji.

## Thamani, uhifadhi na mabishano

24. Mtandaoni wanasema sarafu kama yangu inauzwa kwa mamilioni.

Bei anayoomba muuzaji si bei. Angalia zilizouzwa na kulipiwa, hasa kwenye minada inayoweka kumbukumbu zake wazi. Bei hutegemea mambo matatu kwa pamoja: kosa linaonekana kiasi gani, sarafu iko katika hali gani, na kuna watu wangapi wanaoitaka. Adimu isiyotakiwa na mtu haina soko.

Na ukiambiwa kuna mnunuzi tajiri anayesubiri, ila ulipe kwanza "ada ya usajili" au "ya ukaguzi", huyo ni tapeli. Mnunuzi hatoi pesa mfukoni mwako kabla ya kuweka zake.

25. Nipeleke sarafu kuthibitishwa?

Kampuni kama PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987, hukagua sarafu, huipa daraja kati ya 1 na 70, na kuifungia kwenye kasha la plastiki ngumu. Kipimo hicho cha 70 kilianzishwa na William Sheldon mwaka 1949. Huduma hiyo inalipiwa, pamoja na usafirishaji na bima. Ipeleke pale tu ambapo gharama hizo ni sehemu ndogo ya bei unayotarajia, na baada ya mkusanyaji mzoefu kuiona. Kupeleka mburuzo wa mashine ni kulipia habari ambayo swali la 10 limekupa bure.

26. Nizihifadhi vipi?

Shika sarafu kwa ubavu, si kwa uso. Ziweke pakavu, kila moja kwenye kishikio chake. Epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo baada ya muda huvuja na kuacha utando wa kijani unaonata na kula madini. Utando huo unaweza kuondolewa kwa kuloweka sarafu kwenye asetoni safi bila kusugua. Asetoni hushika moto haraka, basi iwe mahali penye hewa na mbali na jiko.

27. Nipigeje picha ili nisaidiwe?

Pande zote mbili nzima kwanza, zikiwa zimetulia na mwanga ukitoka upande mmoja. Kisha eneo lenye alama kwa karibu. Andika uzito na kipenyo. Picha ya herufi moja iliyokuzwa mara 200, bila sarafu nzima, haijibiki.

28. Wataalamu wawili wamenipa majibu yanayopingana. Nimwamini nani?

Mwambie kila mmoja ataje hatua ya kiwandani iliyosababisha alama hiyo, na akuonyeshe ushahidi wa pili unaopaswa kuambatana nayo: nakshi hafifu mkabala na uvimbe, vinundu chini ya nyati, pembe zilizogawanyika. Asemaye tu "nimeona nyingi za hivi" hajajibu. Kwa tofauti za mihuri kuna njia iliyo bora zaidi: tafuta sarafu ya pili iliyopigwa na muhuri uleule. Kama mikwaruzo midogo ya muhuri inalingana kwenye zote mbili na alama unayobishania ipo kwenye zote mbili mahali palepale, basi ilikuwa kwenye muhuri. Kama haipo kwenye ya pili, angalia kwanza ipi ilipigwa mapema, kwa kuwa muhuri ungeweza kuharibika katikati ya kazi. Nyufa zilizokua (swali la 12) zitakuonyesha mpangilio.